Mzigo wa Mama Siku ya Safari
(Maongezi kwa wamama wa kliniki, Murara)

Mbele ya kupima watoto kilo, leo tuongee juu ya safari ya miguu. Si safari ya kutembelea ndugu. Ni ile safari inayokuja bila kupiga hodi.

Munakumbuka tarehe 22 Mei 2021, mlima wa Nyiragongo ulipopasuka. Tarehe 27, wakaaji wa mitaa 10 ya Goma, na Murara ndani yake, waliambiwa watoke mara moja. Wengi walishika njia ya Sake, karibu kilomita 25, watoto mgongoni.

Tazameni inchi yetu. Mvua inanyesha mingi, lakini maji yote inazama katika mawe ya volkano. Ukiacha ziwa nyuma, hakuna mto wala kisima. Jua likiwaka, mawe meusi yanachoma. Anayetembea hapo ni kama mtu wa jangwani: atakunywa yale aliyobeba.

Njiani nilimwona mama mmoja. Kichwani godoro, mkononi redio. Mtoto wake alilia kiu, midomo imekauka. Nikamwuliza, "Mama, maji iko wapi?" Akasema, "Bidoni ilibaki mlangoni." Hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, na hofu ilimshika. Kwa hiyo akili tuitumie leo, wakati mlima umenyamaza.

Weka vitu hivi pahali pamoja, karibu na mlango:

1. Maji. Bidoni ndogo ya lita 5 yenye kifuniko, maji yaliyochemshwa. Badilisha kila juma. Hata ukiacha vyote, usiache hii. Maji ya ziwa yasiyochemshwa yanaleta kuhara na kolera.

2. Sukari, chumvi, kijiko kidogo na chupa ya lita 1. Mtoto akihara, changanya maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Sawazisha kijiko, kisijae kupita. Mpe kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, hata akihara. Na wewe mama kunywa mingi, sababu unatembea na unanyonyesha.

3. Chakula kisichoomba moto: karanga za kukaanga, biskuti. Ndizi utaongeza siku ya kutoka.

4. Kikwembe cha kubeba mtoto na kingine cha kumfunika, pamoja na sweta. Usiku ni baridi. Viatu vya kufunga kwa kila mtu, maana mawe haya yanakata kama chupa.

5. Fishi za kliniki, sabuni, na dawa ya yule anayekunywa dawa kila siku. Funga ndani ya plastiki.

Sasa jaribu mzigo. Mweke mtoto mgongoni, beba, tembea mpaka barabara na kurudi. Ukihema, punguza. Usipunguze maji, punguza nguo. Mwenye mimba kubwa asibebe peke yake. Apatane leo na jirani.

Mfundishe mtoto jina lake, jina la baba na la mama, na avenyu yenu. Mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi. Mukubwa amushike mudogo mukono, hapana kuachana.

Neno la mwisho ni la kulala. Mutachoka, na mutatafuta pahali pasipo na upepo. Musilale ndani ya shimo wala katika bonde dogo. Huko kunakaa mazuku. Ni hewa nzito, haionekani, haina harufu, inajilaza chini. Usiku bila upepo inazidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua bado, na mtoto aliyelazwa chini akafa. Mukiona ndege au mbuzi wamekufa pahali, pumzi ikikatika, kichwa kikizunguka, musingoje asubuhi. Chukua mtoto, panda juu.

Wamama, mlima hautatuuliza kama tuko tayari. Nyumba inajengwa tena: tulijenga nyuma ya moto wa 1977, tukajenga nyuma ya ule wa Januari 2002. Mtoto hajengwi tena. Leo jioni tafuteni bidoni ile. Juma lijalo, mbele ya kupima kilo, nitauliza kila mmoja: maji iko wapi?