Kijana Aliyebaleghe na Sala Aliyoiona Nyumbani



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na kumwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloigusa kila nyumba yenye kijana. Wengi wetu tunalalamika kwamba mtoto aliyehitimu chuoni, akahifadhi sura nyingi, akawa wa mbele kwenda msikitini na kanzu yake nyeupe, hubadilika mara aingiapo kidato cha kwanza. Alfajiri haamki mpaka aamshwe. Akienda shule ya bweni, hurudi likizo ameiacha sala. Hapo mzazi humlaumu mwalimu wa madrasa, mwalimu humlaumu mzazi, na wote wawili huilaumu simu. Leo tunataka kuuliza swali lililo karibu zaidi: kijana huyu alipoondoka nyumbani, aliondoka na nini?

Kwanza tukumbuke hukumu ya sheria. Mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi. Akibaleghe, kalamu huanza kuandika, na sala yake huwa ni deni lake mwenyewe mbele ya Mola wake. Basi kubaleghe ni wakati ambapo amana inatoka mikononi mwa mzazi na kuingia mikononi mwa mtoto. Lakini wengi wetu tunafanya kinyume. Mtoto akiwa mdogo tunasema mwacheni acheze. Akiota ndevu ndipo tunapoanza kukaza kamba. Na kamba hiyo, ndugu zetu, huishia mlangoni mwa nyumba. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Iko hadithi mashuhuri katika mkusanyo wa Abu Daud inayotuagiza tuwaamrishe watoto sala wakiwa na miaka 7, nayo inataja adhabu wafikapo miaka 10. Wako wanaoikumbuka nusu ya pili tu. Na tufanye hesabu: mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Katika miaka 3, kwa sala 5 kila siku, mtoto ameitwa kwenye sala zaidi ya mara 5,000 kabla adhabu haijatajwa. Ni nani kati yetu aliyemwita mwanawe mara 5,000 kwa upole?

Tuitazame Sura ya 31, Sura Luqman. Humo tunamwona baba akizungumza na mwanawe yeye mwenyewe, wala hakumtuma mtu mwingine amsemee. Mara 3 anamwita kwa neno la mapenzi, kama mzazi anayemlainishia mwanawe ulimi. Anaanza na tauhidi, na anatoa sababu yake. Kisha anamweleza kwamba jambo lingawa dogo kama chembe ya hardali, likawa limefichika ndani ya jabali, Mwenyezi Mungu analijua na atalileta. Baada ya hayo ndipo anapomwamrisha sala. Tuuzingatie mpango huo. Kijana aliyekwisha kuamini kwamba Mola wake anaiona chembe iliyo mwambani hahitaji kusimamiwa bwenini.

Mtume (s.a.w.) naye aliwalea vijana kwa njia hiyo hiyo. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba kijana mmoja alimwendea akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamwita akaribie, akamkalisha, akamuuliza kama angependa jambo hilo litendwe kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake na kwa shangazi yake. Kisha akaweka mkono juu yake, akamwombea msamaha na usafi wa moyo. Tangu siku ile kijana yule hakuuelekea tena uchafu huo. Lau kijana wetu angelileta swali kama hilo sebuleni kwetu, je, angelithubutu kutuletea la pili?

Na katika Sahihi ya Bukhari, Malik bin Huwairith (r.a.) anasimulia kwamba yeye na vijana wenzake wa rika moja walikaa kwa Mtume siku 20. Mtume akahisi kwamba wamewakumbuka jamaa zao, akawauliza waliowaacha nyumbani, kisha akawaruhusu warudi wakawafundishe, na akawaagiza wasali kama walivyomwona yeye akisali. Hapa yamo mafunzo mawili kwa mzazi. Moyo wa kijana una haki ya kuangaliwa, na sala hufunzwa kwa kuonekana.

Haya hayakuonekana na Waislamu peke yao. Huko Marekani, mwaka 2002 hadi 2003, watafiti walioongozwa na Christian Smith waliwahoji kwa simu vijana zaidi ya 3,000 wa miaka 13 hadi 17, wengi wao wa familia za Kikristo. Waligundua kwamba wengi hawakuwa wameiasi dini ya wazazi wao, bali walikuwa wanaifuata pasipo kuweza kueleza wanachokiamini. Mtaalamu mwingine, Vern Bengtson, alianza mwaka 1970 kufuatilia familia zaidi ya 350 za kusini mwa California, kizazi baada ya kizazi. Katika kitabu chake cha mwaka 2013 alieleza kwamba watoto waliowaona wazazi wao kuwa wenye mapenzi ndio walioelekea zaidi kuirithi dini yao, na kwamba ukaribu wa baba una uzito wa pekee. Bidii ya dini ya baba aliye mkali na wa mbali haikutosha kuuvuta moyo wa mwanawe. Hatuchukui dini yetu kwao, ila ushahidi wao unawiana na tuliyokwisha kufundishwa.

Basi akina baba, tujitazame. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeamsha alfajiri, mama ndiye anayeuliza habari za chuo, na baba huitwa siku ya kuadhibu tu. Kijana wa namna hiyo huijua dini ya baba yake kwa sauti ya ukali.

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha. Tuwe na angalau sala moja kwa siku ambayo nyumba nzima inasali pamoja, na mara nyingine kijana wa kiume anayesoma vizuri asogezwe mbele aongoze. Maswali yake tuyasikilize mpaka mwisho kabla ya kuyajibu, na tusilolijua twende pamoja naye kwa mwenye elimu. Binti naye asisahauliwe: Bibi Fatima (r.a.) alipomwendea baba yake, Mtume alikuwa akisimama kumpokea, akambusu na kumkalisha mahali pake. Na kijana akirudi likizo, usiku wa kwanza usiwe wa kumhesabia sala alizoziacha. Na apokewe, ale, asikie adhana akiwa pamoja na wazazi wake, asimame nao safuni.

Kuna vijana wanaorudi kwenye sala wakiwa mbali, na kinachowarudisha ni kumbukumbu ya baba na mama waliokuwa wakisujudu bila ya kulazimishwa na mtu. Kumbukumbu hiyo hatuwezi kuinunua wala kuipeleka bwenini kwa barua. Ni lazima iandaliwe nyumbani, sasa, wakati mtoto angali karibu nasi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na atujaalie sisi na vizazi vyetu tuwe wenye kusimamisha sala. Amin.