Bwawa Likifa, Nani Analala Njaa?

Mhadhara wa umma uliotolewa Tunduma



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuifanya mitambo ya kusafisha majitaka idumu katika nchi kama yetu. Mada hii ina njia yake iliyozoeleka. Mtu anataja idadi ya watu, anataja sheria ya maji ya 2019, anaonyesha picha ya bwawa lililomezwa na magugu, kisha anaomba fedha. Mniwie radhi, nayaruka hayo. Wenzangu wa fani wanayajua, na nyinyi mnayaishi: mji umepita watu laki mbili kwenye sensa ya 2022, maji ya bomba ni ya kuvizia, na nyumba nyingi zinategemea choo cha shimo na gari la kunyonya.

Kilichonitoa nyumbani ni sentensi moja. Naisikia kwenye kila warsha, mgeni akiisema kwa upole na mwenyeji kwa aibu: “Tatizo letu, hatuna utamaduni wa matengenezo.” Ikishasemwa, vichwa vinatikiswa, chai inaletwa, mjadala umekwisha. Jioni hii chai isubiri.

Asubuhi nilitembea kwa miguu kuelekea mpakani. Kwenye foleni ya malori ya Zambia na Kongo nilimkuta fundi chini ya Scania, amelalia kipande cha boksi, anapima kwa ukucha wa kidole gumba unene wa lainingi ya breki. Lori lenyewe lilikuwa limemzidi umri utingo wake. Mwenye gari yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na alimpigia fundi simu mara mbili nikiwa nimesimama pale. Spea ikikosekana mjini, hela inatumwa kwa simu na spea inapanda basi la usiku. Malori haya yanapanda na kushuka milima miaka nenda rudi. Anayesema hatuna utamaduni wa matengenezo aje alale chini ya gari na yule kijana.

Mpinzani wangu, ambaye ni msomi na rafiki yangu, hunijibu: na TAZARA je? Reli ilikabidhiwa 1976, ilisanifiwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya mzigo huo. Nakubali. Lakini stesheni iko hapa hapa Tunduma. Watu ni hao hao, wanaosalimiana kwa Kinyamwanga na kugombana kwa Kiswahili. Kama ugonjwa ungekuwa utamaduni, ungeua reli na lori kwa pamoja. Mbona mmoja anachechemea na mwingine anakimbia?

Tofauti ni kwamba lori likisimama kuna mtu anapoteza hela leo, na mtu huyo huyo ana mamlaka ya kununua beringi leo. Bwawa la majitaka likifa, leo halali njaa yeyote. Mwenye hasara ni mama anayechota maji upande wa chini wa kijito, na hasara yake ni mtoto anayeharisha. Haiingii kwenye vitabu vya hesabu vya mtu yeyote.

Nilipokuwa kijana nilipangiwa mtambo mdogo wa taasisi moja, siitaji. Ulikuwa na mota ya kupuliza hewa. Beringi ilikufa. Duka lililoiuza lilikuwa mwendo wa dakika kumi, na bei yake haikuzidi sahani chache za chipsi. Ilichukua miezi tisa, kwa sababu nilihitaji sahihi tatu na mwenye sahihi ya tatu alikuwa masomoni. Mkaguzi alipokuja aliandika: “uzembe wa mhudumu.”

Naomba sasa dakika chache za hesabu, maana ndizo zinazonilipa mshahara. Mwongozo wa mabwawa ya majitaka kwa Afrika Mashariki, wa Duncan Mara na wenzake, ulitoka 1992. Kwa joto la nyuzi 20 na kuendelea, bwawa la kwanza, lile la kina lisilo na hewa, linabebeshwa gramu 300 za uchafu kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Kwa nyuzi 15, gramu 200. Nyinyi mnaojifunika blanketi mbili mwezi wa Julai mnajua tuko upande gani. Mleta mradi akinakili ramani ya Dar es Salaam, amejenga bwawa linalopaswa kuwa kubwa mara moja na nusu. Litanuka kila kipupwe, na mhudumu ataitwa mzembe.

Tuendelee. Watu 10,000, kila mmoja gramu 40 kwa siku, ni kilo 400. Kwa baridi yetu, bwawa la mita za ujazo 2,000. Kila mtu huacha humo takriban lita 40 za tope kwa mwaka, na tope linatakiwa kutolewa likifika theluthi moja. Hiyo ni kila miezi 20. Bajeti zetu zinahesabu miezi 12. Tope, jamani, halina mwaka wa fedha. Na hapo nazungumzia majitaka ya bomba; gari la kunyonya linaleta kitu kizito zaidi, pamoja na matambara na chupa. Waulizeni wa Vingunguti, Dar es Salaam, ambako mabwawa ya majitaka ya bomba yalibebeshwa pia mzigo wa magari.

Nifike kwenye hazina yangu. Baada ya ile beringi nilihamia kwenye mabwawa yaliyotunzwa na mzee mmoja aliyeishi kando yake. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, jedwali la kuzidisha likiwa nyuma ya jalada. Kila asubuhi aliandika mstari mmoja kwa kila bwawa. “Kijani. Bata wawili.” “Kijani cha ndizi mbichi. Nimefyeka ukingo wa mashariki.” “Chujio: pampasi tatu, kandambili moja.” Siku moja: “Waridi kwenye kona ya maji kuingia.” Nilicheka. Wiki iliyofuata bwawa la pili zima lilikuwa limegeuka waridi, ishara kwamba limezidiwa: mwani wa kijani umeshindwa, bakteria wa salfa wamechukua nafasi. Majibu ya maabara yalifika baadaye, yakasema alichosema mzee. Nimesoma majarida ya kitaalamu ya mabara matatu na sijakutana na mwandishi wa kumfikia.

Najua pingamizi. Daftari linaweza kudanganya; mtu anaweza kuandika “kijani” siku thelathini akiwa kilabuni. Vitambuzi vya kisasa vinapima usiku na mchana. Pale Mabogini, Moshi, wakulima wa mpunga wanaotumia maji yatokayo mabwawani wanaweza kuwa macho bora kuliko mwajiriwa, ingawa maji hayo nayo yana minyoo ya kuchunga. Nimeyapima yote. Bado nasema daftari, na mtu anayelala pale, na mfuko mdogo wa fedha anaoruhusiwa kuufungua bila sahihi tatu. Mtambo usio na hivyo vitatu usizinduliwe, hata kama utepe umeshafungwa na ngoma zimefika.

Nimekuja na daftari tupu la kurasa 96. Nimelinunua hapa mjini leo mchana, na nitaliacha juu ya meza hii. Mhandisi wa mji akilihitaji, alichukue kabla mfagiaji hajafunga ukumbi.