Kabla ya Sindano ya Kwanza

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie adalimumabu, sindano wanayopewa baadhi ya wenye soriasisi, yale mabaka ya ngozi yenye magamba. (Hayaambukizi, tusiogope kuwapa mkono.)

Dawa hii hutuliza kinga ya mwili inayoishambulia ngozi. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo inayovifungia vijidudu vya kifua kikuu mwilini, hata miaka mingi, bila mtu kukohoa. Ikilegezwa, vinaweza kuamka. Kwa hiyo usikubali sindano ya kwanza kabla ya kupimwa kifua kikuu kilichojificha, na homa ya ini aina ya B. Mwambie daktari kama nyumbani yupo aliyewahi kuugua kifua kikuu. Kikionekana, utaanzishiwa kwanza dawa zake. Soriasisi itasubiri kidogo.

Sindano hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, itupwe, hata ikishayeyuka. Jichome pajani au tumboni, mbali na kitovu, ukibadilisha mahali kila mara. Ukiwa na homa, kikohozi kisichoisha au jasho la usiku, usijichome. Muone daktari kwanza. Wala msiazimane sindano, hata ndugu kwa ndugu.