Simu ya Saa Nane Usiku: Zamu Isiyoandikwa ya Wataalamu wa TEHAMA



Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi kwa wateja wake duniani. Sasisho lilikuwa na kasoro. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka, zikabaki na skrini ya buluu. Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78. Lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuwaka hata zipokee tiba kupitia mtandao. Ilibidi mtu aziendee.

Naomba tukae kidogo na mtu huyo. Aliiwasha kila mashine katika hali ya usalama, akalitafuta faili moja, akalifuta, akaiwasha upya. Pale ambapo diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji fiche, alitakiwa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48 kwa mkono, kisha ahamie mashine ya pili, na ya tatu, hadi kukuche. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano. Tulionyeshwa abiria waliokwama viwanjani, na ilikuwa haki tuonyeshwe. Aliyekuwa akiandika zile tarakimu hakuna aliyemtafuta.

Wafanyakazi wa TEHAMA wana matatizo mengi: ujuzi unaochakaa kabla mkopo wa chuo haujalipwa, bajeti zinazokatwa, wanawake ambao bado ni wachache katika vyumba vya seva. Leo nashika moja tu, kwa kuwa naamini linazaa mengi ya hayo mengine. Ni kazi ya usiku isiyohesabiwa kuwa kazi.

Kabla ya kufundisha nilikuwa msimamizi wa seva katika taasisi moja ya fedha. Mkataba wangu ulisema saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hapakuandikwa popote kwamba simu isizimwe, lakini mwezi haukuisha kabla sijazoea kulala nimeigeukia. Malipo yakigoma saa nane usiku, unaamka, unafungua kompyuta mpakato kwenye meza ya chakula, unasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari. Kukipambazuka mambo yametengemaa, na wenzako wanaingia ofisini bila kujua kwamba kulikuwa na jambo. Hata usiku ambao simu haikulia haukuwa wangu. Mwanangu aliujua mlio ule kabla hajajua kusoma.

Baada ya kukesha mara mbili mfululizo, nilifuta jedwali nisilokusudia. Tulilirejesha kutoka nakala rudufu kwa saa sita. Nikaandikiwa barua ya onyo. Ilitaja kosa, tarehe na saa. Haikutaja kwamba nilikuwa sijalala.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, nazo zilipwe mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na kati ya siku moja ya kazi na nyingine pawe na saa 12 za kupumzika. Kinga hii inavuja pawili. Kwanza, mwajiri akihesabu, huhesabu dakika za kutengeneza tu; saa za kusubiri simu hazimo. Pili, ukomo huo haumhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa juu. Sasa tazama kampuni zetu ndogo: kijana mmoja wa kompyuta, anaitwa Meneja wa TEHAMA, hana hata mtu mmoja chini yake. Cheo hicho hakimwondolei haki yoyote. Lakini huambiwa kwamba mameneja hawadai saa za ziada, naye huamini.

Na simu hiyo humlilia kijana huyo hata kwa hitilafu asiyoisababisha. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Hitilafu ya chini ya bahari, mbali kusini. Anayefokewa ni kijana wa ghorofa ya pili Mwanza.

Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Sisi tunaweza kuanza na mkataba: zamu ziandikwe, kusubiri kulipwe, aliyekesha asiitwe ofisini asubuhi.

Wanafunzi wangu, kabla hamjatia saini, ulizeni: simu ikilia saa nane usiku, nani anapokea, analipwa nini, na kesho yake anaingia saa ngapi? Mwajiri akikosa jibu, mwombeni mlitafute pamoja na kuliandika hapo hapo, kalamu ikiwa bado mezani.