Kiongozi Mwenye Fungu katika Mashine za Kamari

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia, Dodoma



Kanisa halifundishi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Katekisimu, namba 2413, yaeleza kuwa mchezo huo haukubaliki unapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima au ya wale anaowatunza. Katika nchi hii yetu ya mvua chache, mtu anayeuza mahindi Kibaigwa na kuzimaliza fedha katika mashine ya dubwi amechezea ghala la nyumba yake.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza. Leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, lakini Bodi haikai mtaani. Anayemwona mtoto akiingia kibandani na sarafu mkononi ni mwenyekiti, mtendaji na diwani. Je, iwapo kibanda ni cha mmoja wao, au hupata fungu lake kila mashine inapofunguliwa? Atamshitaki nani, na kwa nani?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, diwani akiwamo, kuwa na hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Tena lilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti hayo. Ndipo ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ambayo haimkatazi diwani kuwa na biashara, bali humtaka atamke mali na madeni yake kila mwaka, pamoja na mali za mwenzi wake na za watoto wao wadogo wasiooa wala kuolewa. Angalieni walioachwa nje: kaka, shemeji, mtoto mkubwa. Kwa ukoo zetu zilivyo, huo si mwanya, ni lango la kupitisha ng'ombe.

Isitoshe, tamko hilo hupelekwa kwa Kamishna wa Maadili, ilhali kibanda kinajadiliwa hapa hapa katani. Kanuni za halmashauri humtaka diwani mwenye maslahi ya fedha katika jambo linalojadiliwa ayataje. Utaratibu huo ushuke hadi kamati ya maendeleo ya kata na serikali ya kijiji: mhusika aseme mbele ya wenzake, ataje na fungu la shemeji yake, atoke nje, na muhtasari uandike hivyo.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Simameni mwulize: kibanda ni cha nani? Anayeifungua mashine humgawia nani? Wengine watasema tunaingiza Kanisa katika siasa. Mimi sijaona bado chama kilichoweka dubwi katika ilani yake.

Na kama kibanda ni cha mjumbe wa kamati ya parokia, basi aanze yeye kusema, kabla hatujaenda kijijini.