Mbegu na Udongo: Tahadhari Kuhusu Dawa za Saratani
Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Masasi na Newala



Nimekuja kwa niaba ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kuzungumzia aina ya dawa ambayo haiushambulii uvimbe wa saratani wenyewe, bali vile vinavyouzunguka na kuulisha.

Wazo hili si geni. Mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alijiuliza kwa nini saratani ya matiti husambaa katika baadhi ya viungo kuliko vingine. Alijibu kwa mfano wa mbegu na udongo: mbegu hupeperuka kila upande, lakini huota tu penye udongo unaoikubali. Mkulima wa korosho anayajua hayo. Korosho ikiangukia mwamba wa Masasi hukauka; ikiangukia udongo mwekundu wa Newala huwa mti.

Uvimbe nao una udongo wake: mishipa ya damu, nyuzi zinazoushikilia, na askari wa kinga ya mwili ambao umewarubuni wasiudhuru. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache pasipo mishipa mipya ya kuuletea damu. Kutokana na wazo hilo ilipatikana bevasizumabu, iuzwayo pia kwa jina la Avastin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Dawa hiyo huzuia ujumbe ambao uvimbe hutuma kuita mishipa hiyo.

Faida yake ni ipi? Tuchukue saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa nchi yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusu wanawake 452 ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa, umerudi au umeishinda tiba. Kati ya waliopewa tibakemikali pekee, nusu waliishi zaidi ya miezi 13. Kati ya walioongezewa bevasizumabu, nusu waliishi zaidi ya miezi 17. Baadhi yao walipata shinikizo la damu, damu kuganda au matundu katika viungo vya ndani. Miezi minne si kitu kidogo kwa mama mwenye watoto. Hata hivyo, si kupona.

Ipimeni kwa kipimo hicho kila ahadi mtakayoletewa. Dawa hii hutolewa kwa dripu, hospitalini, na huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Haitengenezwi kuwa kidonge wala unga wa gulioni. Mtu akikujia wakati wa malipo ya korosho na chupa ya "kukausha damu ya uvimbe", utakachopoteza si fedha tu, bali pia muda ambao uvimbe ungeweza kutibiwa. Mwezi Februari 2012, huko Marekani kwenyewe, ilitangazwa kwamba zimekutwa chupa bandia za Avastin zisizo na dawa hiyo ndani. Basi jicho peke yake halitoshi.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Ukiona uvimbe, kidonda kisichopona au damu isiyo ya kawaida, nenda mapema Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya Newala. Ikibidi, utapewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

2. Ukiandikiwa dawa ya kununua nje, nunua kwenye famasi iliyosajiliwa. Kagua jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha dai risiti. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza dawa za saratani.

3. Kama unatumia dawa ya asili, mwambie daktari bila kuona haya, wala usiache tiba uliyoanzishiwa.

4. Ukiishuku dawa, usiitupe. Ipeleke kwa mfamasia wa wilaya au ofisi ya TMDA Kanda ya Kusini, Mtwara.

Mwisho, tangu mwaka 2018 mabinti wetu wanapewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi nchini kote. Wapelekeni wakachanjwe, na akina mama wakapimwe kabla ya dalili. Kinga hiyo inashinda dawa yoyote niliyoitaja leo.