Namna tulivyoenda kuomba watuondolee amandi ya kuchelewa

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu)



Komite imetuomba tueleze ile maneno ya deni ya mashini, kwa sababu imesemwa sana njiani na kwenye soko. Wengine wanasema banki ilitufukuza. Wengine wanasema feza ya wafazili ililiwa. Tuseme vile ilikuwa.

Munakumbuka tulikopa dola 1.200 juu ya kununua mashini ya kusaga mihogo. Tulikubali kulipa dola 112 kila mwezi kwa miezi 12. Miezi 6 ya kwanza tulilipa bila kuchelewa hata siku moja. Mwezi wa 7, feza ilikuwa tayari ndani ya kesi. Siku ine mbele ya tarehe, mwanachama wetu mmoja akapelekwa hospitali usiku, ikaonekana hawezi kuzaa bila kupasuliwa. Wakaomba dola 80 mbele ya kuanza. Mama mtunza-feza akafungua kesi, akatoa. Hakuuliza mtu. Yule mama yuko hai, mtoto naye yuko hai, wote wawili wako hapa pamoja nasi leo.

Lakini banki haikujua hayo, na sisi hatukwenda kuiambia. Tulikaa kimya, tukitafuta feza kidogo kidogo. Tulilipa kiisha siku 19. Tukakuta amandi: dola 15 za kuchelewa, na dola 2 kwa kila siku. Jumla dola 53. Ni karibu nusu ya malipo ya mwezi muzima.

Katika kikao kulikuwa mawazo matatu. La kwanza: mama mtunza-feza alipe yeye mwenyewe. La pili: tutoe kwenye feza ya mbegu iliyotumwa na wafazili, kiisha tutarudisha. La tatu: tusilipe, tuone watafanya nini. Tulikataa yote matatu. Yule mama hakula kitu. Feza ya mbegu ni ya mbegu. Ikianza kulipa amandi, mwaka kesho hatutakuwa na mbegu wala mufazili. Na kukataa kulipa ni kuwafungia mulango wale watakaokuja kukopa nyuma yetu. Sisi wenye kurudi kutoka Tanzania tunajua namna ilivyo ngumu kuaminiwa, wakati huna shamba la kuonyesha wala mutu wa kukusimamia.

Ndugu zetu waliotoka kambini wakapelekwa Marekani ndio walitupatia akili. Kule watu wengi wanatumia karata ya mkopo, na ukichelewa kulipa wanakuongezea feza ya kuchelewa. Wakatuambia: sisi tunalipa kwanza deni lenyewe, kiisha tunapiga namba iliyoandikwa nyuma ya karata, tunaomba kwa heshima watuondolee. Kama umekuwa mulipaji muzuri na ni mara ya kwanza, mara nyingi wanakubali. Si haki yako, ni neema, lakini asiyeomba hapewi.

Basi tukaenda. Mara ya kwanza, kijana wa kwenye dirisha akatujibu: « Kompyuta ndiyo imeandika, siyo mimi. » Alisema kweli, yeye hana uwezo wa kufuta. Tulikosea mulango. Tukarudi na barua kwa mukubwa wa biro. Tuliandika mambo matano tu:

1. Deni la mwezi tumekwisha lipa, resi ni hii.
2. Miezi 6 ya mbele hatukuchelewa, resi ni hizi.
3. Sababu ya kuchelewa ni hii, na karatasi ya hospitali ni hii.
4. Kosa letu ni kukosa kuja kusema mbele ya tarehe. Tunaomba musamaha.
5. Tunaomba muondoe dola 53, na mutujibu kwa maandishi.

Hatukulia, hatukusema sisi ni maskini. Mukubwa alisoma, akatazama resi moja moja. Kiisha wiki moja akajibu: dola 38 za siku zimeondolewa, dola 15 zinabaki, kwa sababu ndivyo mapatano yanavyosema. Tukashukuru. Sisi watu 5 wa komite tukatoa dola 3 kila mmoja, zikaisha. Hata franga moja ya wafazili haikuguswa, na kaye iko pale kwenye meza, kila mtu anaweza kuisoma.

Sasa tuko na neno moja lenye kutuuma. Tulipokuwa tunangoja ile barua, tulikumbuka kwamba sisi wenyewe tunatoza franga 1.000 kwa kila mwanachama anayechelewesha mchango wake, bila kumuuliza sababu. Kuna wamama wameacha kuja juu ya amandi ilipanda kupita mchango. Tunaomba kwa banki huruma ambayo kati yetu hatupeane.

Kwa hiyo tunaleta mawazo mawili mbele yenu. Moja: mwanachama aliyelipa vizuri miezi 6, na akaja kusema mbele ya tarehe, asamehewe amandi mara moja kwa mwaka. Mbili: feza ya kesi isitoke tena bila watu wawili kujua, hata kama ni usiku, simu iko. Na siku feza ya deni ikiguswa, kesho yake asubuhi tuende banki kusema.

Kumebaki miezi 3 tumalize deni. Mashini inasaga. Wenye kukubali mawazo haya wainue mikono.